Mistari ya Mgongo wa Dhahabu

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya chai na mahamri, Hafswa alifanya kazi ambayo hakuna mwanafunzi mwingine wa Gredi ya Sita katika mtaa mzima wa Ziwa la Ng'ombe aliyekuwa nayo. Alipima mgongo wa farasi. Farasi mwenyewe aliitwa Dhahabu, mali ya ami yake, Rashid, na riziki yao ilitoka ufuoni Nyali, ambako Dhahabu aliwabeba watoto wa wageni.

Kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake. Unachukua waya mnene unaopindika, unaulaza juu ya mgongo, upana wa kiganja nyuma ya mabega, na kuubana mpaka ufuate umbo la mwili. Kisha unauinua polepole, unauweka juu ya kipande cha boksi, unauchora kwa penseli na kuandika mwezi. Mstari ukishuka, misuli inapungua.

"Macho hudanganywa na tumbo," Ami Rashid alipenda kusema. "Farasi aweza kuwa na kitambi cha bwana harusi na mgongo uliobonyea. Waya haudanganyi."

Ni kweli, waya haukudanganya. Aliyedanganya ni mwenye kuushika.

Aprili Hafswa alipima vizuri. Mei, Dhahabu alikataa kutulia. Kila alipoguswa alilaza masikio nyuma na kumchapa Hafswa kwa mkia, na huko nje jirani yao Kioko alikuwa akipiga mluzi, mpira kwapani. Hafswa akatafakari kwa muda usiozidi kupenga kamasi. Akaulaza waya juu ya mchoro wa Aprili, akachora mstari uleule, akaandika "Mei" kwa mwandiko mzuri kupindukia. Juni akafanya vivyo hivyo. Julai alitia na urembo: aliupinda mstari kidogo tu, ili uonekane wa kweli.

Agosti, Dhahabu alipiga magoti mchangani akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto hakuumia, ila farasi alirudi nyumbani akiburura miguu, na Daktari Jerioth wa mifugo akaitwa.

Daktari alipitisha kiganja taratibu kutoka mabegani hadi kiunoni. Kiganja kikazama. Pande zote mbili za uti wa mgongo palikuwa na mashimo, na mfupa ulisimama katikati kama ukingo wa paa.

"Nionyeshe michoro," alisema. Akaipanga chini, akaitazama kwa muda mrefu. "Bwana Rashid, mwezi uliopita mgongo ulikuwa mzima. Misuli yote hii imekwenda kwa mwezi mmoja? Tandiko halifanyi hivi, wala njaa. Huu ni ugonjwa mbaya wa ndani. Nitachukua damu, lakini majibu yatachelewa, naye anateseka. Kwa umri wake, nadhani huruma ni kumdunga sindano asiamke tena."

Ami Rashid alivua kofia yake. "Hakuna njia nyingine?"

"Kwa michoro hii, siioni."

"Basi nipe mpaka alasiri, nimuage."

Hafswa alikwenda kujificha nyuma ya tangi la maji. Kioko alimfuata huko, naye Hafswa akamweleza yote huku akilia.

"Si uende useme?" Kioko aliuliza.

"Ami ataniua, wallahi."

"Hawezi. Anayeuawa leo ni Dhahabu."

Hafswa alimchukia Kioko kwa maneno hayo, kisha akainuka. Alimkuta ami yake amelaza shavu kwenye shingo ya Dhahabu, daktari akisubiri kando.

"Ami."

"Naam, mwanangu."

"Michoro ya Mei, Juni na Julai si ya Dhahabu."

"Ni ya nani?"

"Ni ya Aprili. Niliinakili. Sikumpima."

Ami Rashid aliinua shavu, akavaa tena kofia yake. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Daktari ndiye aliyeuliza, "Kwa nini hukumpima Mei?"

"Alikataa kuguswa. Hapa, nyuma ya mabega."

Daktari aligeuka, akaonyesha tandiko lililokuwa kando. "Bwana Rashid, tandiko hili ulianza kulitumia lini?"

"Mwisho wa Aprili."

Walilitandika. Daktari akajaribu kupenyeza kidole kando ya mabega, kidole hakikupita. "Linambana," alisema. "Misuli ikibanwa kila siku hunyauka. Hii si kazi ya mwezi mmoja, ni ya miezi minne. Damu nitaipima, lakini sindano ile tuiweke kando." Kisha akamtazama Hafswa. "Ungempima Mei, tungebadilisha tandiko, basi. Sasa huenda asibebe mtu maishani."

Ami Rashid akaenda kutafuta kibarua bandarini. Kwa siku tisa hakuzungumza na Hafswa ila salamu. Damu haikuonyesha ugonjwa. Hafswa alimtembeza Dhahabu bila tandiko kila asubuhi na kila jioni, akipanda naye kilima polepole, kama alivyoagiza daktari. Septemba alipima: mstari ulishuka kuliko ule waliouchora Agosti, siku ya daktari. Aliuchora hivyo hivyo, machozi yakilowesha boksi, akampelekea ami yake. Oktoba haukusogea. Alianza kuamini kwamba hautasogea kamwe.

Novemba ulipanda unene wa njiti ya kiberiti. Hafswa alipima mara tatu kabla ya kumwita ami yake.

Ami Rashid aliutazama, akapitisha kiganja mgongoni mwa Dhahabu, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Amepona, Ami?"

"Ameanza. Kubeba watu ndiyo basi tena, lakini ataishi."

"Na mimi umenisamehe?"

"Tangu Septemba," alisema. "Siku ile mstari ulikuwa mbaya, nawe ukaniletea ulivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha maradhi ya asiyeweza kujisemea, Hafswa. Mimi sikukutuma uniletee mstari mzuri. Nilikutuma uniletee wa kweli, maana ubaya ukijulikana mapema, dawa yake huwa bado ndogo."