Honi ya Papa Gisa

Hapa Kamembe hakuna gari la zamani linalonishinda mimi. Lakini hili la rafiki yangu Habumugisha nalisimulia kwa aibu, kwa sababu ushauri ulikuwa wangu.

Alikuwa akifufua nyumbani kwake Pejo 404 ya marehemu Papa Gisa. Mjane, Maman Gisa, jirani yake, alimpa kwa sharti moja: "Honi usiitoe. Bwana yangu alikuwa anaipiga mara mbili akifika, nami namufungulia mulango."

Nikamwambia Habumugisha, "Weka ya kisasa, atajua wapi?" Ile ya zamani tukaitupa ziwani Kivu.

Maman Gisa alipouliza, Habumugisha akamjibu, "Iko palepale, Maman." Mama akamshukuru kwa mikono miwili. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Jioni moja ya kiangazi umeme ulikatika. Habumugisha alikuwa chini ya gari, betri iko mezani, honi mpya bado ndani ya kartoni yake. Katika giza lile, juu ya uso wake, honi ikalia mara mbili, nzito, kama ile ya zamani.

Ng'ambo ya ukuta Habumugisha akasikia komeo likifunguliwa, na sauti ya Maman Gisa:

"Karibu, Papa. Sababu gani umelowa hivi, na mvua haikunyesha?"