Mbuzi Nyuma ya Chekechea

Kche. Kabla hakujakucha, Rahel alisikia komeo la mlango. Alijua ni nani. Sanna, bintiye wa miaka mitatu, alitaka tena kumfuata baba yake.

Alimwahi kizingitini. "Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa ndama."

"Huko watoto hawaendi."

Ndiyo desturi ya Wahuteri wa Dakota Kusini, Marekani, Wakristo wanaoishi pamoja na kumiliki kila kitu kwa ushirika. Mabanda yako mbali, yamejaa mashine. Wadogo hushinda chekechea, aproni nyeupe pee. Mlezi wao, Bibi Justina, alipiga deki kwa dawa mara tatu kwa siku.

Lakini Darius, kaka yake Sanna, alikuwa na pumu. Rahel alihofia kwamba zamu ya Sanna ingefuata.

Siku ya chanjo alimuuliza muuguzi, Carla. "Dada, tunasugua mpaka sakafu inalia. Mbona vifua bado vinabana?"

"Watafiti wameona kuwa kati ya watoto wanaokulia karibu na ng'ombe na udongo, wenye pumu ni wachache," Carla alisema. "Huenda vijidudu vya huko huufundisha mwili kumjua adui na asiye adui. Bado hatujui yote. Udongo si dawa. Chanjo ibaki. Darius asiache dawa yake ya kuvuta, na akibanwa karibu na wanyama, mwondoe. Maziwa yachemsheni. Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mashine na sumu za shamba, mbali kabisa."

Katika jumuiya yao mambo huamuliwa kwa kura, na wanawake hawapigi kura. Rahel hakungoja kura. Alimwomba mumewe mbuzi wawili, akaanza kujenga ua wa mbao kuukuu nyuma ya chekechea.

Bibi Justina alikuja, mikono kiunoni. "Umewaletea watoto zizi? Unataka kutuua?"

"Nataka wapumue, Bibi."

"Nitamwambia mchungaji wa kanisa."

"Mwambie. Na misumari imeniishia, mwambie na hilo."

Mchungaji alikuja. Akautazama ua, akaitazama ndoo ya maji na sabuni pale langoni. Akaondoka. Kesho yake Rahel alikuta kopo la misumari hapo hapo langoni.

Kufikia vuli, aproni hazikuwa nyeupe tena. Mafua yalikuja yakapita, kama kawaida. Kifua cha Sanna kilikuwa shwari, na Rahel alishukuru siku baada ya siku. Watoto walichimba, walilisha mbuzi, walikula wakamaliza sahani.

Adhuhuri moja, Bibi Justina alidhani haonekani. Alikuwa akimkuna mbuzi shingoni. Kengele ya chakula ikalia. Akaingia, akanyoosha mkono kwenye mkate.

Sanna akamshika sketi.

"Bibi, nawa mikono kwanza."