Mama Mukandori Kwenye Wimbo wa Mapenzi

"Zima hiyo mashine!"

Kinyozi akashtuka. Nilikuwa nimenyolewa upande mmoja tu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye televisheni ya saluni.

Ulikuwa wimbo mpya wa Nshuti, wa mapenzi. Na katikati ya wimbo, akilia kwa uchungu... mama Mukandori!

Wateja wakacheka. "Huyu mama bwana gani amemuacha?"

Jamani! Yule mama alikuwa anamlilia mume wake aliyezama ziwa Kivu! Na niliyempiga picha akilia ni mimi!

Nikatoka mbio na nusu kichwa.

Naitwa Wellars. Hapa Gisenyi mnanijua kwa video za muziki: miaka kumi ya wasichana ufukweni na magari ya kuazima. Nikachoka. Miaka miwili nimekuwa nikienda Nyamyumba, kandokando ya ziwa, kurekodi wajane wa wavuvi. Filamu ilikuwa ionyeshwe Jumamosi, na ndiyo kazi yangu ya kwanza ambayo sikuionea aibu.

Zaidi yangu, picha zile alikuwa nazo mtu mmoja tu: Shyaka, mhariri wangu. Rafiki yangu!

Nikamkuta studio anakula chapati.

"Shyaka! We mutu wa namna gani?"

"Bon, ikala kwanza," akanisogezea kiti.

"Siikali! Umemupa Nshuti machozi ya mujane!"

"Alitaka mama mwenye kulia, nikaweka. Ruhusa iko."

"Ruhusa ya nani?!"

Akafungua droo, akanirushia karatasi.

Nikasoma.

Ilikuwa ileile karatasi tunayowasainisha wasichana wa kucheza: picha zangu zitumike katika video yoyote ya studio hii. Chini, alama ya kidole gumba cha mama Mukandori. Pembeni, saini yangu!

Sikuandika karatasi mpya kwa ajili ya wajane. Nilichapa ile niliyoizoea, basi.

Shyaka aliiondoa video siku hiyohiyo. Lakini ninyi mlikuwa mmeshaituma kwenye kila kundi! Ndiyo, na wewe uliyeweka vicheko pale chini, nakusema wewe.

Nikatia karatasi mfukoni, nikapanda pikipiki hadi Nyamyumba. Mama Mukandori alikuwa anaanika sambaza, vile visamaki vya Kivu, mbele ya nyumba. Binti yake wa Goma alikuwa ameshamtumia video.

"Mama, ni Shyaka ndiye..."

"Shyaka mi simujui. Mi najua we."

Akaendelea kutandaza samaki.

"Ile karatasi iko wapi? Unisomee."

Nikasoma. Mstari wa tatu akanikatiza.

"Siku ile niliuliza inasema nini. Ulinijibu nini?"

"...Nilisema ni kawaida tu, mama."

"Donc basi, hii ni kawaida."

Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Unitoe mule kwa filamu, yote. Hata sauti."

Nikafungua kompyuta magotini, nikafuta picha zake zote akiangalia. Hadithi yote ilimzunguka yeye; bila yeye hapakuwa na filamu. Jumamosi hakikuonyeshwa kitu.

Ninyi wenye kamera, sikieni. Kabla mtu hajaweka kidole, msomee karatasi yote, kwa lugha yake, hata kama jua linazama na mwanga unawakimbia.

Shyaka bado nina hasira naye, sitadanganya. Lakini aliyemtoa yule mama achekwe ni mimi, na siku ile nikimwekesha kidole nilikuwa natabasamu!