Mfuko wa Salu Kwenye Kisiwa cha Mkaa

Haya, wewe unayesoma, kitegue hiki: mlinzi wangu hali wala halali, hana mdomo wala fimbo, lakini ukimpita hata kwa kunyata atakuandika mguuni. Nani huyo? Ukishindwa usinipe mji wowote, nipe sikio tu. Ni majivu. Na majivu ya Kisiwa cha Mkaa ni meusi kama kitako cha sufuria, laini kama unga, na Jumamosi ile yaliwaandika watu wote isipokuwa mmoja.

Saa saba na dakika tano mchana, Salu Bujiku alipiga magoti mbele ya jiwe bapa, akaingiza mkono mfukoni mwake, akautoa mtupu.

"Simu yangu haipo," alisema.

Mfuko ulikuwa pale pale alipouacha, zipu wazi. Kanga mbili zilikuwa zimekunjwa vile vile. Pochi ilikuwamo, dawa za presha zilikuwamo. Ilikosekana simu tu, simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, ambayo mwizi mwenye akili yake asingeinama kuiokota.

Koplo Veronica Mayige alisogea. Alikuwa polisi wa dawati la jinsia mjini Bariadi, na siku hiyo alikuwa na likizo ya siku moja, ya kwanza tangu Pasaka. Hakuugusa mfuko. Aliona kijiti kimepenyezwa kwenye mkanda wa mfuko, kimebaki hapo kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo.

"Kijiti hiki ni chako, mama?"

"Cha nini? Mimi niliweka mfuko, sikuweka kuni."

Watu wote kisiwani walikuwa sita, na hapakuwa na nyumba wala kambi. Asubuhi saa tatu walikuwa wameondoka ufukweni Lamadi kwa boti ya mashine, ziara ya siku moja kuzunguka kisiwa ambacho zamani kilikuwa mlima wa kutema moto, ukachoka, ukapoa, ukabaki na shimo kubwa juu wanaloliita Bakuli. Aliyewaongoza ni Elia, kijana wa miaka ishirini na saba, mpole. Wageni walikuwa wanne: Veronica; Salu, mwuza vitenge wa Nyalikungu; Mwalimu Constantine Ngassa, mstaafu mwenye sauti ya kuamrisha; na Nancy, karani wa ofisi moja mjini Bariadi, ambaye tangu asubuhi hakuacha kujipiga picha. Wa sita ni nahodha, Mwandu, aliyebaki chini na boti yake.

Mwalimu Constantine hakungoja kuulizwa.

"Mwizi ni huyu," alisema, akimnyooshea Elia kidole. "Nani aliubeba mfuko kupanda huku? Nani alisema tuache mizigo hapa? Vijana wa siku hizi, ukimpa mzigo umempa na roho yako."

"Mwalimu, mizigo huachwa hapa kila safari," Elia alisema. "Njia ya kuzunguka Bakuli ni nyembamba. Na mimi nilikuwa mbele yenu muda wote."

"Usinijibu."

"Nakujibu kwa sababu unanitukana."

Nancy alirudi nyuma hatua mbili, akamtazama Salu badala ya Elia. "Mimi nasema kitu kingine," alinong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Yule nahodha asubuhi alimkwepa huyu bibi. Sisi wote alitushika mkono kutupandisha. Bibi huyu akamwachia Elia. Na chapati alizotugawia bibi hakula. Watu wa huku wana macho yao. Kuna wanachokijua."

Salu aliinuka taratibu. "Sema lote, binti. Sema kwamba mimi mchawi, macho yangu mekundu. Nimeyapata kwa kulia. Mimi natafuta mtoto wangu, nyie mnatafuta wa kumchoma moto."

"Nancy, funga mdomo," alisema Veronica. "Kwa neno kama hilo kuna wanawake nimewazika. Mama Salu, kaa. Nieleze simu hiyo ina nini."

Salu alieleza, ingawa asubuhi botini alishaeleza na wote walimsikia. Binti yake, Minza, alitoroshwa mwaka jana na kijana fulani, bila posa, bila wazee kukutana. Mama mtu hakuwahi kumwona huyo mwanamume, na Minza kwenye simu hakumtaja jina, alisema tu "mwenzangu". Tarehe tisa Februari Minza alituma picha: amekaa juu ya mawe meusi, anacheka, kando yake kivuli cha mtu na pua ya boti. Baada ya hapo kimya. Miezi minne Salu ameulizia mawe meusi yako wapi, mpaka mteja mmoja akamwambia, nenda Lamadi, upande ziara ya Kisiwa cha Mkaa.

"Elia aliomba kuiona botini," Salu alisema, "jua likang'aa kwenye kioo, haikuonekana. Nikamwambia nitamwonyesha tukishakula, kivulini. Ile ndiyo njia yangu pekee ya kumpata. Sasa nitauliza watu kwa kutumia nini? Minza yuko wapi?"



Veronica alitoa kijidaftari. Mizigo iliachwa kwenye jiwe saa sita na dakika ishirini. Walirudi saa saba kasoro dakika tatu. Alianza na Elia, kando, chini ya ukingo.

"Februari ulileta wageni huku?"

"Hapana, afande. Februari nilikuwa Mwamanyili, tunapalilia pamba ya baba. Ziara zilisimama."

"Na boti?"

"Alikuwa nayo Mwandu. Yeye hana shamba."

"Leo ulikuwa mbele. Ulihesabu watu nyuma yako?"

Elia alisita. "Kuna wakati mwalimu hakuwepo. Kama dakika ishirini. Sikutaka kusema, ataniita mwongo."

Mwalimu Constantine alipoulizwa alivimba kama andazi.

"Mtu mzima akienda kujisaidia, polisi anamfuata?"

"Dakika ishirini?"

"Tumbo halina saa."

"Nionyeshe kucha zako, mwalimu."

Alikataa, kisha akazionyesha. Chini ya kucha palikuwa peusi, na kidole gumba kilikuwa na mchubuko mpya. Veronica aliifuata njia mpaka kwenye ukuta wa mwamba, akarudi akiwa ametabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza mchana huo.

"Kuna mtu amechonga kwa msumari, 'C. NGASSA ALIFIKA'. Herufi nzuri sana. Miaka mingapi uliwachapa watoto kwa kuandika kwenye madawati?"

"Thelathini na minne," alisema mwalimu, akaangalia pembeni. Elia alikohoa ili asicheke. Lakini mwamba ule ulikuwa upande wa pili wa Bakuli, na njia ya kurudi kwenye jiwe bapa ilipita mbele ya Nancy, ambaye alikuwa amesimama hapo akijipiga picha. Veronica alizitazama picha zake moja moja, na saa ya kila moja. Mwalimu hakupita. Nancy mwenyewe hakuacha pengo la dakika tatu kati ya picha na picha.

"Kwa hiyo ni Elia," mwalimu alisema, akijikusanyia heshima yake upya. "Afungwe kamba, tumpeleke Lamadi amefungwa. Watu wa sokoni wakisikia kwamba amemwibia mama anayetafuta mtoto, wenyewe watajua la kufanya."

Elia alirudi nyuma hatua moja. Alijua soko lile.

Walishuka. Saa nane kasorobo walifika ufukweni. Boti ilikuwa imefungwa kwenye jiwe kubwa, na ubao wa kushukia ulilala kutoka botini mpaka kwenye changarawe nyeupe, mkavu. Mwandu alikuwa amekaa kwenye mashine, kofia imeshuka usoni, mwanamume wa kama miaka thelathini. Ndala zake zilianikwa ukingoni mwa boti, zinachuruzika maji.

"Umesikia kilichotokea?" Veronica aliuliza.

"Nimesikia kelele."

"Ulipanda juu?"

"Sijatoka kwenye boti tangu mshuke. Mashine ilikuwa inanisumbua."

"Mama Salu ulimjua kabla ya leo?"

"Simjui." Alijibu akitazama maji. Salu alipokaribia ubao, Mwandu aliinuka akaenda mwisho kabisa wa boti, akampa mgongo.

"Unaona?" Nancy alinong'ona. "Anamwogopa."

"Ana dharau," alisema mwalimu. "Mama mzima hapewi hata salamu."

"Nimezoea," alisema Salu. "Asubuhi nilimsalimia, mwangaluka, akaijibia sakafu."

Veronica alikiwaza kile kijiti. Kwanza alikuwa ameamini kwamba mwizi aliogopa alama za vidole. Lakini anayeogopa alama za vidole huvaa mfuko wa nailoni mkononi, na huyu zipu aliifungua kwa vidole bila wasiwasi, maana kijiti hakifungui zipu. Kijiti kilitumika kuunyanyua mfuko tu, ule wenye kanga za yule mama, usigusane na mwili wake. Kisha akamkumbuka mume wake mwenyewe, mhasibu mwenye digrii, suti na tai, ambaye, kwa mila ya kumkwepa mkwe, siku mama mkwe wake akiingia uani hutorokea dirishani, akazunguka nyuma ya zizi, akakaa huko na ndama mpaka chakula kiishe. Mtu mwenye dharau humtazama mtu akamsonya. Huyu alikuwa hatazami kabisa. Alikuwa hali chakula cha mkono ule. Alikuwa hagusi.

"Tutaondoka," alisema Veronica. "Lakini huyu mama ametukanwa leo. Kabla ya kupanda, kila mtu atampa mkono wa pole. Mwalimu, anza."

"Mimi nimemkosea nini?"

"Anza."

Mwalimu alitoa mkono, kidole gumba kimekunjwa. Nancy alitoa wake akiwa ameinamisha uso, akasema, "Nisamehe, mama," na ilisikika kwamba amemaanisha. Elia aliushika mkono wa Salu kwa mikono yake miwili.

"Nahodha."

"Mimi niko na mashine."

"Mashine imezimwa. Shuka."

Mwandu alishuka. Alifika hatua tano kutoka kwa Salu, akasimama. Aliuinua mkono nusu, ukarudi chini wenyewe. Kisha akachuchumaa kwenye changarawe, uso chini, kofia mkononi, kama kijana wa Kisukuma anavyochuchumaa mbele ya mtu mmoja tu duniani.

Upepo wa ziwa ulivuma. Salu alimtazama yule mtu, akaurudisha mkono aliokuwa ameutoa.

"Humjui huyu mama, ulisema," Veronica alisema. "Basi mpe mkono. Nancy hamjui na amempa."

"Siwezi."

"Simu yake uliweza."

"Sikutoka botini."

"Wote sisi tuna miguu myeusi mpaka kwenye vifundo. Majivu yako juu tu, huku chini ni changarawe. Ubao wako mkavu. Mtu ambaye hajatoka botini ameosha ndala za nini?"

"Nilichovya miguu, joto."

"Ukiwa umevaa ndala? Na umeziosha mpaka mikanda?" Alisubiri. "Tulipokuwa tunazunguka Bakuli ulipanda. Unajua mizigo huachwa wapi. Ulinyanyua mfuko kwa kijiti ili usiguse kanga za mama mkwe wako. Mwizi mwenye adabu namna hiyo sijawahi kumkamata. Na ungekubali Elia apelekwe sokoni amefungwa kamba."

"Ningesema tukifika," alisema Mwandu.

"Ungesema?"

Mwandu aliinuka bila kugeuza uso, akafunua kifuniko cha mashine, akatoa kitu kilichofungwa kwenye nailoni. Hakumpa Salu. Alikiweka juu ya jiwe kwa mikono miwili, akarudi nyuma, akachuchumaa tena.

Veronica aliiwasha simu na kuikinga jua kwa daftari. Msichana alikuwa anacheka juu ya mawe meusi. Elia alichungulia. "Pua hiyo ni ya boti hii," alisema. "Kabla Mwandu hajaipaka rangi. Aliipaka Machi, nikamuuliza kwa nini, akasema inavuja."

"Ziwa lote hili liko mbele yako," Veronica alimwambia Mwandu. "Kwa nini hukuitupa?"

"Sina picha yake nyingine."



"Sema sasa," alisema Veronica. "Najua kwamba ulikuja naye tarehe tisa."

Mwandu aliongea akiyaangalia mawe. Walikuwa wamepanga chumba Lamadi, yeye na Minza. Uso wa Salu aliujua tangu alipokuwa akimfuata Minza Nyalikungu, akiutazama kwa mbali. Alitaka kwenda Nyalikungu na wazee baada ya mavuno, aingie kwa mlango kama watu. Siku ile hapakuwa na wageni, akampakia peke yake, bila kibali, akione kisiwa. Jaketi okozi zilikuwa zimefungiwa ofisini na hakutaka kuomba ufunguo, wasimuulize. Walipokuwa wanarudi upepo uliwageukia. Wimbi la tatu likamchukua Minza.

"Nilimtafuta mpaka nikampata. Lakini alikuwa ameshakwenda. Nikawaza, nikifika naye, nani ataniamini? Nimemtorosha binti wa watu, sasa nimemrudisha hivi. Wangesema nimemuua."

"Kama hukumuua, daktari atasema. Kwa miezi minne uliyokaa kimya, utajibu wewe." Veronica alitoa simu yake, akaandika saa: nane na dakika ishirini.

Salu alikuwa hajatikisika. Sasa alitembea, hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka kivuli chake kikamfunika yule mtu. Mwandu alijikunja zaidi, akajaribu kurudi nyuma, jiwe likamzuia.

"Mimi sikuulizi kuhusu upepo," Salu alisema. "Sikuulizi kuhusu wazee wala kibali. Kuna kitu kimoja nimekiuliza Maswa, nimekiuliza Bariadi, nimekiuliza kwenye boti yako mwenyewe na wewe unasikia. Niangalie. Minza yuko wapi?"

Kisha Mwandu, kwa mara ya kwanza, aliinua macho akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Upande wa pili wa Bakuli, mayu," alisema. "Nimemlaza uso ukielekea kwenu."