Kabla ya Kuuza Mtamba

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha katika kijiji cha Daudi, na ukungu ulikuwa bado umefunika mashamba. Genoveva, au Mama Loveness kama wengi walivyomwita, alisimama mlangoni mwa kituo chake cha maziwa. Kila siku wafugaji humletea maziwa hapo. Yeye huyapima na kuyamimina katika keni za chuma. Mume wake, Basili, huyapeleka Mbulu mjini kwa pikipiki.

Asubuhi hiyo pikipiki haikuondoka. Barabara ilikuwa tope tupu. Ilibidi Genoveva awarudishe wafugaji na maziwa yao.

"Nimeteremka mlima wote huu, sasa niyapandishe tena?" aliuliza Perpetua, mke wa Mzee Hhando. "Mama Loveness, nitatafuta mnunuzi mwingine."

Aliondoka. Genoveva aliingiwa na hofu. Wafugaji wengine walikuwa wamekwisha kuhamia kwa wanunuzi wengine. Wakiisha wote, kituo kitafungwa.

"Usiogope," alisema Basili. "Jumatatu fundi wa Babati anaanza kututengenezea programu ya simu. Kila mfugaji ataandika ana ng'ombe wangapi, nasi tutajua maziwa yatakayokuja. Pesa za kumlipa zipo: mnunuzi wa mtamba wetu, yule ng'ombe ambaye hajazaa bado, anakuja kesho baada ya ibada."

Jirani yao, Gaudensia, alikuwa amefika kununua maziwa. Alikuwa amesomea kompyuta chuoni, na sasa alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka kazini kwake Babati.

"Shemeji, mnauza mtamba kwa ajili ya programu?" aliuliza.

"Ndiyo. Ana mimba, lakini biashara kwanza."

"Programu hiyo itaondoa kero gani?"

"Kero zote!"

"Hakuna programu ya kero zote. Nitajie moja."

Basili alicheka. "Wewe kweli umetoka chuoni. Unauliza kama mtihani."

"Na wafugaji wamesemaje?"

"Hatujawauliza," alijibu Genoveva. "Tulitaka waikute imekamilika."

"Dada, programu huuliza maswali. Waulizeni leo maswali hayo hayo kwa mdomo. Wakijibu vizuri, endeleeni. Wakikataa, mtajua kabla mtamba hajaondoka."

Mchana mvua ilikatika. Wote watatu walipanda hadi nyumbani kwa Mzee Hhando.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Basili alikaa, akauliza mara moja, "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Mzee Hhando aliweka kikombe chini. Perpetua aliacha kupepeta maharage.

"Basili, mwanangu," alisema mzee. "Umekuja kunihesabia ng'ombe nyumbani kwangu?"

"Hapana, mzee. Ni swali la programu."

"Programu haina wazazi, lakini wewe unao, nao walikufunza kwamba ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Hapa pana ng'ombe wa shemeji yangu anayekaa Mogitu. Wangu wengine nao wamewekwa kwa watu wanifugie. Nikutajie wepi? Hata mke wangu hajui idadi yao."

"Ninaijua," alisema Perpetua. "Nimenyamaza tu."

Wote walicheka, hata mzee. Basili aliona aibu. Yeye mwenyewe alifuga ng'ombe wa mjomba wake, na hakupenda kuulizwa habari zao.

"Nimekosa, mzee. Naomba radhi," alisema.

Gaudensia alimgeukia Perpetua. "Mama, ungependa simu yako ikuambie nini?"

Perpetua alitoa simu ndogo ya vitufe. "Kitu kimoja. Kabla sijatoka hapa, iniambie kama pikipiki inakwenda mjini. Ikiwa haiendi, maziwa nitayagandisha yawe mtindi."

"Simu hii haiwezi kuwekwa programu," alisema Gaudensia. "Lakini inapokea ujumbe mfupi."

"Basi tuanze na ujumbe," alisema Genoveva. "Nitauandika mwenyewe kila alfajiri."

Njiani Gaudensia aliwaeleza zaidi. "Chagueni kwanza kero moja. Jueni nani atatumia programu, na ana simu ya aina gani. Fanyeni kazi hiyo kwa mkono mpaka muone ni sehemu gani inachosha. Sehemu hiyo ndiyo mumpe fundi. Alete kipande kidogo, mkijaribu, kikifaa ndipo mlipe, kisha alete kingine. Na mkubaliane mapema nani atairekebisha ikiharibika."

"Asante sana, mdogo wangu," alisema Genoveva. "Umetuokolea mtamba."

"Mshukuruni Mama Perpetua. Jibu lilikuwa kwake."

Fundi aliombwa asubiri, na masika yote Genoveva aliandika ujumbe alfajiri. Wafugaji waliacha kuteremka bure, na waliohama wakarudi. Lakini kumwandikia kila mtu kulimchosha sana. Hapo alijua kazi ya kumpa fundi. Fundi alitengeneza programu ndogo katika simu ya Genoveva. Akibonyeza mara moja, wafugaji wote hupata ujumbe. Walimlipa kwa faida ya maziwa.

Hivi ndivyo kila mmoja alivyofanya baadaye. Jumapili ile ile Basili alimwambia mnunuzi kwamba mtamba hauzwi. Genoveva alikwenda kwa Perpetua na kilo ya sukari kumshukuru. Gaudensia alirudi kazini Babati. Mzee Hhando alisema hataki habari za programu, lakini kila alfajiri humuuliza mke wake, "Wamesemaje leo?" Perpetua husoma ujumbe, kisha huvaa buti au huketi na kunywa chai yake.