Asiye na Leseni Asikilize Tu

Soko la spea lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Mshona nguo alipenya katikati ya watu, bunda la waya wa shaba begani, asijue kwamba ncha yake ilikuwa ikiburuta nyuma. Waya ulipokaza aligeuka, akamkuta mwanamume wa makamo amesimama kwa mguu mmoja, wa pili umenaswa na waya, ovaroli ya bluu mwilini, grisi mpaka kwenye nyusi.

"Dada, umenivua kama samaki," alisema yule mwanamume. "Basi nivute taratibu."

"Nisamehe, kaka yangu. Sikukuona."

"Waya wote huu unafunga mbuzi wangapi?"

"Ni wa antena," alijibu kwa aibu, akiinama kumfungua. "Nasomea leseni ya redio ya upepo. Ile ya ridhaa, ya kuzungumza tu na watu wa mbali, si ya biashara."

Mwanamume akausahau mguu wake. "Darasa la jioni, kwa yule Mwalimu mstaafu? Mbona na mimi nimejiandikisha!"

Tangu siku hiyo akamwita Bi Waya. Yeye akamwita Fundi, kwa kuwa alitengeneza lifti katika majengo marefu, na kutwa nzima alikuwa peke yake katikati ya ghorofa, akisikia vicheko vya watu vikipanda na kushuka. Bi Waya naye alikuwa amevuka arobaini. Tangu azikwe mama yake, katika vyumba vyao viwili kilichosema ni cherehani tu. Kila jioni alipiga magoti akasali, na baada ya amina kimya kilirudi mahali pake. Kwamba Mungu anamsikia hakuwa na shaka. Alitamani tu, mara mojamoja, kujibiwa kwa sauti. Ndiyo maana siku aliposikia kwenye redio ya mteja watu wasiojuana wakisalimiana na kuulizana hali ya hewa, aliweka sindano chini akalia.

Darasani walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Walijifunza volti na ampea, na namna ya kupata urefu wa wimbi. Siku ya kukata antena, Bi Waya alipima kwa futi yake ya ushonaji, kisha akaacha kipande cha ziada.

"Umekosea hesabu," Fundi alimtania.

"Nimeacha pindo. Kikizidi unapunguza, kikipungua unalia."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Jioni zisizo na darasa, Fundi alipiga simu.

"Bi Waya, ampea ni nini?"

"Kipimo cha mkondo wa umeme. Umekula?"

"Hilo halimo kwenye mtihani."

"Kwangu limo."

"Basi nimefeli. Nina njaa."

Lakini mtihani wenyewe ulipokuja, Fundi alifaulu na Bi Waya akaanguka. Fundi alipewa jina lake la hewani, akaanza kuongoza baraza la redio la kila jioni. Bi Waya alikuwa amekwisha kununua redio yake, ila kanuni ni moja: asiye na leseni asikilize tu. Akasikiliza. Alimsikia mtu wake akimpokea huyu na kumuaga yule, akiwatakia wote usiku mwema, wote ila yeye.

Jioni moja ya mvua moyo ukamshinda. Akabonyeza swichi ya kusemea.

"Fundi, ni mimi. Unanisikia?"

Redio ilikwaruza. Kisha sauti ya Fundi ikaja, kavu kama ya mtu asiyemjua. "Kuna sauti isiyo na leseni. Hatuijibu. Tuendelee."

Bi Waya alizima redio. Baraza lilipokwisha simu iliita, ikaita tena. Aliifunika kwa rundo la vitambaa.

Kesho yake Fundi alifika kwenye duka lake la ushonaji amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Bi Waya alijificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Ametoka," alisema shoga yake, mkataji wa vitambaa pale dukani.

"Mbona viatu vyake naviona chini ya pazia?"

"Vimebaki. Mwenyewe ametoka."

Fundi aliviangalia viatu, akaondoka.

Simu zilikoma. Kisha hata sauti yake ikapotea hewani. Baraza likaongozwa na mwingine. Bi Waya aliona yamekwisha, Fundi kapata mwanamke mwingine wa kumpikia. Alisali, "Ee Mungu, kama si wangu, niondolee na huku kumsikiliza." Lakini kila jioni aliiwasha redio, akawasikia wote ila yule mmoja.

Alirudi darasani ajiandae kwa mtihani wa marudio. Siku hiyo Mwalimu alifundisha kanuni ileile.

"Mwenye leseni akimjibu asiye nayo, wote wawili wamekosa," alisema. "Akimtaja jina hewani, ndiyo kamchongea, maana wakaguzi wanasikiliza. Mwenzenu fundi wa lifti hakujibu, akafanya sawa. Lakini wakaguzi walipomwuliza sauti ile ni ya nani, alisema anaijua na hataitaja. Wamemfungia leseni mpaka aseme."

Bi Waya alisimama ghafla, dawati likainuka naye.

"Mwalimu, ni mimi."

Darasa zima likageuka.

"Mwanangu," Mwalimu alisema polepole, "unajua watakuzuia mtihani mpaka mwakani?"

"Najua. Lakini siwezi kupiga magoti na jambo hili kifuani."

Mwalimu mwenyewe alimpeleka kwa wakaguzi. Fundi alirudishiwa leseni yake, na Bi Waya akazuiwa mwaka mzima. Jioni hiyo alikaa kitandani, nyumba kimya kama kaburi, akapiga simu.

"Bi Waya?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningemwambia nani? Viatu?"

Alicheka huku machozi yakimtoka. "Nilidhani umenikana."

"Ulipozungumza, kidole changu kilikuwa tayari kwenye swichi nikujibu. Sikujua kunyamaza kunauma hivi." Akavuta pumzi. "Sasa mwaka mzima utasikiliza tu?"

"Nitafanyaje?"

"Kuna kanuni nyingine. Asiye na leseni anaruhusiwa kusalimia hewani, mradi mwenye leseni ameketi kando yake."

"Kando yake mpaka lini?"

"Mpaka naye apate leseni."

"Na akiipata?"

"Abaki tu. Mimi sina mwingine wa kuketi naye, mke wangu, kama utakubali niseme hivyo."

Simuni pakasikika mlio wa chuma.

"Bi Waya? Upo? Mlio gani huo?"

"Ufunguo," alisema. "Nafunga mlango. Kiti cha pili unacho?"

"Sina."

"Basi nakuja nacho."