Wizi wa Anwani ya Usingizi

Kilichoibwa hakikuwa na mlango wa kuvunjwa wala dirisha la kukatwa. Kilikuwa neno moja tu, usingizi, na neno hilo lilikuwa anwani ya tovuti. Jana lilikuwa mali ya fundi mmoja wa magodoro. Leo asubuhi, akijiandaa kutia saini hati ya kuliuza, alikuta limehamishiwa kwa mtu asiye na jina wala sura.

"Nani alikuwa na namba ya siri ya kuhamishia?" Inspekta alimuuliza.

"Watatu. Mimi, dalali, na binti yangu."

"Unamshuku nani?"

Fundi alivitazama viganja vyake. "Binti yangu. Mfungulieni mashtaka leo leo."

Inspekta alikuwa ameona mengi katika kazi hii. Ndugu kushitakiana kwa kiwanja, hayo ni ya kila wiki. Lakini baba kutaka mwanawe wa pekee alale mahabusu, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeagiza chai, hilo halikumkalia vizuri.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Zamani, intaneti ikiwa bado changa, fundi alijipatia anwani ile kwa bei ya kutupa ili atangaze magodoro yake. Magodoro hayakutangazika. Mkewe ndiye aliyeitia uhai. Mama huyo alikuwa na tabia ya kupiga pasi alasiri huku akijisemesha taratibu, na binti akamrekodi, akaziweka rekodi humo. Watu waliokosa usingizi wakaanza kusikiliza, wakaambizana. Mama akafariki mwaka juzi. Sauti ikabaki inapiga pasi.

Ndipo kampuni kubwa ya vitanda ikamtuma dalali. Mazungumzo yalichukua miezi. Dalali akitaja bei, fundi ananyamaza, na ule unyamavu ukapandisha bei kuliko maneno. Mwishowe wakakubaliana, kwa sharti moja la mnunuzi: anataka jina tupu. Siku ya makabidhiano, vyote vilivyomo vifutwe.

Binti aliletwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mji mzima ulikuwa umelegea. Alikuwa karani wa benki, bado amevaa sare.

"Ulipinga mauzo?"

"Nilipinga, na ningepinga tena."

"Ulihamisha anwani?"

"Hapana, afande."

"Nani basi?"

"Sijui. Ila nikishitakiwa kwa wizi, benki hawangoji hukumu. Kazi imekwenda. Na baba analijua hilo."

Mtaalamu wa makosa ya mtandao alikwisha kusema kwamba majibu kutoka kwa wasajili wa anwani walioko nje ya nchi yangechelewa. Alisema na jingine: mwizi hakugusa kitu. Rekodi zote zilikuwa mahali pake, watu wakiendelea kusikiliza.

Inspekta akaifungua rekodi moja, akaweka simu mezani.

"Sasa tunaanza na kola," ilisema sauti ya mama, mvuke ukifoka kidogo nyuma yake. "Kola haitaki haraka, mwanangu. Ukiikimbiza inakununia. Ilaze. Haya. Ipitishe pasi kama unamfuta mtoto uso."

Feni ilizunguka polepole. Koplo, mwanamke mkakamavu aliyesimama mlangoni, alipiga mwayo hadi machozi. Inspekta akahisi kuta zinasogea mbali na meza inakuwa laini, na kwa muda hakukumbuka vizuri alikuwa anachunguza nini. Alijifinya paja ndipo akarudi kituoni.

Binti alikuwa macho, mashavu yamelowa.

"Zima, afande, tafadhali. Tangu afariki sijawahi kuivumilia ikafika kwenye mikono ya shati."

Alipotolewa nje, koplo alisema, "Mkuu, mwizi anaitaka sauti, si jina. Ni binti huyo."

"Anaitaka, ndiyo. Lakini hawezi kuisikiliza. Niletee anayeweza."

Dalali alikuja na suti iliyonyooka na macho mekundu kama ya mpishi wa kuni. Alikaa, akatabasamu kikazi.

"Biashara imeharibika," Inspekta alisema. "Pole."

"Nimepoteza kamisheni, afande. Mimi ndiye wa mwisho wa kushukiwa."

"Tovuti yenyewe unaifahamu?"

"Niliifungua mara moja, kuikadiria. Dalali wa viwanja hanusi maua."

"Basi tusikilize pamoja."

Sauti ikaanza na kola. Dalali aliiangalia simu, akaangalia mlango, akalegeza tai. Aliuma mdomo. Kabla kola haijaisha kunyooshwa, kichwa kikamwangukia kifuani, akawa anakoroma kwa utulivu wa mtoto aliyeshiba.

Inspekta aliwahi kuhoji majambazi wakalia, wakazimia, wakaapa kwa makaburi ya mama zao. Hakuna aliyewahi kumkoromea. Kwa mtu aliyeisikia mara moja tu, mwili ule ulikuwa umeizoea mno sauti hiyo. Akamwacha amalize shati zima, kisha akamgusa bega.

"Umeamka? Sasa nakuonya: lolote utakalosema laweza kutolewa kama ushahidi mahakamani. Simu na kompyuta yako zinakwenda maabara. Unaisikiliza tangu lini?"

Dalali alijifuta mdomo. Tabasamu la kikazi halikurudi.

"Tangu siku ile ya kwanza. Afande, mimi niliendesha gari lililomuua kaka yangu. Tangu hapo nikifumba macho naiona barabara. Nimemeza vidonge, nimesali, wapi. Siku niliyofungua tovuti ile kuikadiria, niliamka kumekucha."

"Si ungezinakili rekodi tu, mwanaume wewe?"

"Nilizinakili. Hazikunilaza. Pale kwenye tovuti unaandikiwa wangapi wanasikiliza pamoja nawe. Unajua hauko macho peke yako. Ndicho kinachonilaza. Nilimwomba mnunuzi aiachie sauti hata kona moja, akacheka. Mzee alinipa namba ya siri mapema, nimwandalie makabidhiano. Nikahamisha. Nimeuza majina mengi maishani. Hili lilinishinda."

"Na huyu binti? Ulijua yeye ndiye atakayeshukiwa."

"Nilijua." Dalali aliinamisha kichwa. "Nilijua mzee atadhani ni mwanawe, basi atanyamaza, na mambo yataishia hapo. Nani anamshitaki mwanawe?"

Mlango ulikuwa wazi. Katika benchi la korido, fundi na binti yake walikuwa wameketi, nafasi ya mtu mmoja kati yao, na walisikia neno kwa neno. Fundi aliinuka, akakaa tena. Simu yake ililia, ni mnunuzi. Akaiacha ikalia mpaka ikachoka.

Koplo alimfunga dalali pingu. Inspekta akatoka koridoni.

"Mzee, anwani itarudi kwako. Kuuza au kutouza ni hiari yako."

Fundi hakumsikia. Alikuwa amemgeukia binti yake.

"Nilikuwa sivumilii kupita mtaani nikaisikia sauti ya mama yako kwenye simu za watu," alisema. "Nilitaka inyamaze tu. Nisamehe, mwanangu."

Binti alichukua mkoba wake, akanyoosha sare.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Ila leo nitalala kwa shangazi."